Alama ya Nyuzi Tatu

Dobi aliyeitwa Mzee Kola alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, na kwa bahati mbaya hicho kimoja kilitosha. Hakuwa na nyumba ya kujivunia, wala mali, wala sura. Alichokuwa nacho ni kwamba katika miaka thelathini na moja ya kufua nguo za watu hakuwahi kumrudishia mtu shati la mwenzake. Ukitaka kumwona amefura, mwambie, "Mzee, hili mbona kama si langu?" Angelichukua shati, akaikunjua kola, akakuonyesha nyuzi zake ndani ya mshono, kisha akakutazama mpaka uombe radhi wewe.

Jina la Kola alipewa na wateja, maana kila kazi aliianzia hapo. Kufua alianza na kola, kupiga pasi alianza na kola, na mtu akipita barabarani alimtazama kola kabla ya uso. "Uso mtu ananawa dakika moja," alikuwa akisema. "Kola inasema ya wiki nzima." Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga yeye na mkewe. Mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi mbili za mkaa alizoziamini kuliko umeme, bakuli la maji ya kunyunyizia, na kamba zilizokwenda ukuta hadi ukuta, hata mtu mrefu akiingia ilibidi ainame kama anayesalimia wakwe.

Daftari hakuwa nalo. Kila mteja alikuwa na alama yake ya uzi, iliyoshonwa kwa ndani nyuma ya kola. Mwalimu mkuu alikuwa njano mbili. Muuguzi wa zahanati alikuwa kijani moja. Alama zote, mia na kitu, zilikaa kichwani mwa mzee. Na zilikuwa na sheria aliyoirithi kwa dobi aliyemfundisha kazi: mteja akihama au akifa, alama yake inapumzika mwaka mzima kabla ya kupewa mtu mwingine, mpaka nguo zake za zamani ziishe kutembea mtaani. Sheria hiyo Mzee Kola aliivunja mara moja tu, na hata hakukumbuka kwamba ameivunja.

Siku moja mchana, upande wa pili wa barabara, mama mmoja mtu mzima aliyepangisha vyumba sita alikutwa jikoni kwake amekufa. Alikuwa amepigwa mchi kichwani. Nyuma ya nyumba, ndani ya pipa la taka, polisi walikuta shati jeupe lenye mistari ya buluu, limeviringwa, lina damu kifuani na kwenye mikono. Ndani ya kola mlikuwa na nyuzi tatu. Wakauliza ni za nini, na mtaa mzima ukanyoosha kidole kwa Mzee Kola.

Mpelelezi alikuja na lile shati katika mfuko wa plastiki. Alikuwa kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Huko nje wananiambia kwenye alama huna mpinzani."

Sifa bwana! Sifa zimewavusha watu mito wasiyoijua kina. Mzee Kola alivaa miwani, akainama juu ya mfuko. Nyuzi mbili nyekundu, na mweusi mmoja umezikata katikati.

"Ya fundi redio," alisema, kabla kijana hajamaliza kuuliza.

"Una uhakika, mzee?"

"Kijana, unaniuliza mimi?"

Fundi redio alikuwa mpangaji wa marehemu, kijana mwembamba, mpole, aliyekosa usingizi kwa ajili ya redio za watu. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa amegombana na mwenye nyumba wake kwa sababu ya kelele za kujaribu spika, na barabara nzima ilimsikia akisema, "Mama huyu, ama ataniua ama nitamuua!" Watu walicheka siku ile, kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema wakichoka. Baada ya shati hakucheka mtu. Alikamatwa saa kumi na moja jioni, bisibisi bado iko mkononi.

Mzee Kola aliweka sahihi maelezo yake, na kwa wiki tatu hapakuwa na mtu mkubwa mtaani kama yeye. Watu walikuja na nguo zisizo chafu ili tu wasikie. Alisimulia vizuri. Kila alipofika kwenye "unaniuliza mimi?" alinyanyua pasi kidogo, ipate kuonekana.

Aliyemwamsha ni mkewe. Ilikuwa asubuhi, mama wa watu anapanga vibunda vya nyuzi kwenye kopo, hana hili wala lile. Akasema, "Ila na wewe, nyekundu mbili na nyeusi si ilikuwa ya Mikoba?"

Mzee Kola akacheka. "Mikoba alihama."

"Alihama lini?"

Pale ndipo kicheko kilipokatika. Mikoba alikuwa muuza mabegi, pande la mtu, shingo kama gogo, naye pia aliwahi kupanga kwa marehemu mpaka alipotolewa kwa ugomvi. Alihama wakati wa mvua. Fundi redio alikuja mvua hizohizo zikiwa bado zinanyesha. Mzee akaiona siku yenyewe kana kwamba imesimama mlangoni: kijana ameleta shati lake la kwanza, ana haraka, na sindano iko mezani, tayari ina uzi mwekundu. Nani angesumbuka kutunga alama mpya? Akashona ile aliyoizoea mkono.

Aliketi juu ya rundo la nguo za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakujua nani aliua. Hakusema ni Mikoba. Alichojua ni kwamba alama ile ilikuwa ya watu wawili, na yeye alitaja mmoja, na huyo mmoja yuko rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni kitanzi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walikwisha kusema, ila hawakusema aliyejikwaa ulimi aende ofisi gani.

Alikwenda kituoni siku ileile, na shati jipya amevaa. Yule mpelelezi alikuwa amehamishwa. Askari wa zamu alimsikiliza nusu, huku akikoroga chai.

"Mzee, maelezo yako umeshasaini. Faili limeshaondoka hapa. Ukiitwa mahakamani utayasema hayo."

"Nikiongeza karatasi moja tu, mwanangu? Nusu karatasi."

"Hapa si posta, mzee."

Alirudi mara ya pili, akaambiwa mkubwa yuko kwenye mkutano. Alirudi mara ya tatu, wakamwomba akae, akakaa tangu asubuhi mpaka walipofagia miguuni pake. Akaenda kumtafuta Mikoba. Kule alikokuwa akiuza mabegi walimwambia aliondoka siku nyingi, na hakuna aliyejua jina lake la kuzaliwa. Kila mtu alimjua kwa mabegi yake. Mzee Kola naye hivyo hivyo. Miaka minne alimfulia mtu, anajua jasho lake na kimo cha mikono yake, na jina lake halijui.

Halafu akaja mama yake fundi redio.

Alikuja asubuhi na mapema, mwanamke mfupi, ameshika mfuko. Akatoa shati jeupe jipya, akaliweka mezani kwa mikono miwili.

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa ukimfulia mwanangu," alisema. "Siku za mahakamani nataka aonekane mtu mbele za watu. Huko ndani hawana pasi."

Mzee Kola alishindwa kumtazama. "Mama, unajua mimi ni nani katika kesi hii?"

"Najua. Ulisema ulichokiona. Lakini kufua unajua, au nako hujui?"

Aibu ilimshuka mzee mpaka kwenye nyayo. Akamwambia yote: Mikoba, mvua, sindano, askari na chai yake. Yule mama alisikiliza amesimama, hakukatiza. Alipomaliza aliuliza neno moja tu.

"Utasema?"

"Nitasema, mama. Nikifika mbele ya jaji nitasema yote. Ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho."

Kwa karibu miaka miwili, kila kesi ilipotajwa na kuahirishwa, mama yule alileta shati na kulifuata. Mzee Kola alishona ndani ya kola alama ileile, nyekundu mbili na nyeusi, kwa sababu kijana hakuwa na nyingine. Malipo alikataa. Angepokeaje? Mkewe aliona, akamwongezea mkaa kwenye pasi.

Hatimaye aliitwa. Shahidi wa sita wa upande wa mashtaka. Asubuhi ile, kwenye korido yenye benchi za mbao, alimwona wakili wa utetezi, kijana aliyepangiwa kesi na serikali, amebana mafaili kwapani kama mkate. Mzee akamsogelea.

"Wakili, nina neno la kumsaidia mtu wako."

Kijana akarudi nyuma kana kwamba amerushiwa maji. "Mzee, wewe ni shahidi wao. Nikionekana nazungumza na wewe watasema nimekufundisha. Tafadhali sana."

"Neno moja tu."

"Utalisema ndani."

Mlango ukafunguliwa, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo pekee ambayo yangeweza kumwokoa mtu. Sheria ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na katikati ina watu waungwana kabisa, kila mmoja anakwambia si hapa, mbele.

Ndani, fundi redio alikuwa kizimbani amevaa lile shati jeupe. Mzee Kola alitazama kola, ndiyo mazoea yake. Ilikuwa imekaa vizuri kwenye shingo nyembamba. Kisha akatazama kielelezo mezani, lile la mistari lenye damu iliyogeuka rangi ya kutu, na kwa jicho tu akajua kwamba kola ile ni ya shingo nene. Ushahidi huo hapo, mezani, haujifichi! Akala kiapo kwa sauti kubwa.

Wakili wa serikali alikuwa mama nadhifu, mwenye sauti ya upole.

"Shahidi, alama iliyo ndani ya shati hili unaitambua?"

"Naitambua."

"Ni kazi ya mkono wako?"

"Ni yangu."

"Alama hii ulimpa mshtakiwa?"

"Nilimpa, lakini..."

"Ulimpa au hukumpa?"

"Nilimpa."

"Asante sana, mzee. Sina swali zaidi, Mheshimiwa."

Hata kufua leso huchukua muda mrefu kuliko huo. Mzee Kola alibaki na mdomo wazi, akajifariji: sasa anasimama wa utetezi, yeye ataniuliza. Na kweli alisimama. Lakini atauliza nini mtu asiyejua kilicho tumboni mwa shahidi? Yeye aliona mbele yake dobi mzee aliyemtia mteja wake matatani, akaamua kumvunja.

"Mzee, una miaka mingapi?"

"Sitini na nne."

"Unavaa miwani?"

"Ya kazini."

"Wateja zaidi ya mia, daftari huna. Si kweli?"

"Sihitaji daftari."

Watu wakacheka kidogo nyuma. Wakili akapata moto.

"Mzee wa miaka sitini na nne, miwani, hana hata kikaratasi! Nakwambia hivi, shahidi: miaka yote hii umekuwa ukichanganya nguo za watu, ukibahatisha tu. Ni kweli au si kweli?"

Kicheko kikaongezeka. Na Mzee Kola, aliyekuja na neno moja tu la kusema, aliyelilinda miaka miwili kama yai, alisikia damu ikimpanda. Miaka thelathini na moja ikajibu kabla yake.

"Sijawahi kukosea alama hata siku moja!"

Jaji aliinama, akaandika. Wakili wa utetezi alitazama karatasi zake, akasema kwa sauti iliyokufa, "Sina swali zaidi," akakaa.

Mzee akasikia alichosema. Akashika ukingo wa kizimba cha mashahidi. "Mheshimiwa! Naomba niseme. Naomba sana."

Jaji hakuwa mtu mbaya. Aliweka kalamu chini. "Sema, kwa kifupi."

Akasema. Yalitoka yamechanganyika, shingo mbele, mvua nyuma, sindano katikati. Kwamba alama ilikuwa ya mtu mwingine kwanza. Kwamba yeye alivunja sheria ya kazi. Kwamba shati lile ni la shingo nene, wampime kijana sasa hivi, mbele ya watu.

"Huyo mwingine anaitwa nani?" jaji aliuliza.

"Mikoba."

"Jina lake."

"Ndilo tulilomwita, Mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

Wakili wa serikali alisimama tena, bado mpole.

"Shahidi, miaka miwili rumande, nani asiyekonda shingo?"

"Hata kabla alikuwa mwembamba, mama."

"Hilo nalo umelikumbuka leo. Dakika tano zilizopita, chini ya kiapo, umesema hujawahi kukosea alama hata siku moja. Sasa unasema ulikosea. Mahakama ichukue lipi?"

Mzee alinyoosha kidole kwenye kola iliyokuwa mezani.

"Mama wa mshtakiwa unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Huja kwako?"

"Huleta shati."

"Anakulipa kiasi gani?"

Mzee Kola aligeuka, akamwona yule mama kwenye benchi la tatu, mikono imeshikana mapajani. Alielewa swali linakokwenda, na hakuwa na njia ya kulikwepa, kwa kuwa alikuwa amekula kiapo.

"Hanilipi," alisema.

"Unamfulia bure. Kwa nini?"

"Namwonea huruma."

"Asante, mzee. Mahakama imesikia."

Alitolewa nje kwa heshima zote, karani akamshika mkono asijikwae kwenye ngazi. Alitembea mpaka nyumbani. Mkewe alipouliza imekuwaje, alisema, "Nimesema," akaketi, na chai ikapoa mbele yake.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi miwili. Mzee Kola alisimama nyuma kabisa, kwa sababu waandishi wa habari walijaza viti. Jaji alisoma muda mrefu. Kulikuwa na tishio lililosikiwa na wengi. Kulikuwa na shati. Shahidi wa sita, alisema, alikuwa thabiti alipobanwa na utetezi kuhusu uhodari wake, na mahakama inamwamini. Aliyoyaongeza baadaye ni huruma ya mtu mwema aliyezoeana na familia ya mshtakiwa, nayo haiwezi kushinda maelezo aliyoyatoa kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Mtu mwema. Hata tusi lisingeuma namna ile. Kisha ikasomwa adhabu, kunyongwa mpaka kufa, na fundi redio akageuza kichwa kumtafuta mama yake. Kola yake ilikuwa imenyooka, haina hata kunyanzi moja.

Watu walipotawanyika, Mzee Kola alimsubiri karani mlangoni.

"Kuna rufaa, si ndiyo? Huko nitaitwa tena?"

"Rufaa ipo, mzee, ila mashahidi hawaitwi. Majaji husoma yaliyoandikwa."

"Na nililosema mimi limeandikwa?"

"Yote, mzee. Neno kwa neno."

Hakuuliza zaidi. Alijua ni neno gani watakalolisoma.

Aliyehukumiwa hupewa nguo za gereza, kwa hiyo lile shati alikabidhiwa mama yake mlangoni katika mfuko. Alhamisi iliyofuata alikuja nalo. Mzee Kola alilipokea, akaitazama kola. Haikuwa na uchafu wowote.

"Mama, hili ni safi."

"Najua. Lakini likikaa linajikunja. Je, wakimwita ghafla?"

Mkewe aliyekuwa mlangoni akageukia ukuta. Mzee alifungua mdomo amweleze alivyoambiwa na karani, kwamba huko husomwa karatasi, na hata wakimwita atakwenda na nguo za gereza. Akaufunga. Badala yake alichukua wembe wa kufumulia nyuzi.

"Basi ngoja nimtolee alama hii. Nimtungie yake peke yake, ambayo hajapewa mtu tangu dunia iumbwe."

Mama yule akauweka mkono wake juu ya kola, haraka, hata wembe ukamkwaruza kidole.

"Iache," alisema. "Ukiitoa, watasema umeificha."

Mzee Kola akauweka wembe chini. Mpaka leo mama huyo huja kila Alhamisi na shati lisilovaliwa, rufaa haijatajwa tarehe, na mzee hulilowanisha, hulisuuza, hulianika, kisha hupuliza mkaa na kulitandaza mezani. Huanza na kola.